Robo ya Kifungo

Mrundi akitaka kukuambia kwamba ndugu yake yuko gerezani, husema yuko mu munyororo. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji mkalimani hapo. Kirundi kina maneno yake, ibohero kwa gereza na imbohe kwa mfungwa, yote kutoka katika kitenzi cha kufunga kwa kamba. Lakini neno lililokaa kinywani mwa watu ni umunyororo. Lilipanda milima ya Burundi kwa miguu, pamoja na misafara na askari wa Kijerumani walioamrisha kwa Kiswahili na kuwapanga wafungwa mstari mmoja, shingo kwa shingo, kwa mnyororo wa chuma. Chuma kiliondoka zamani, neno likabaki.

Makala haya yanamhusu mtu ambaye mnyororo wake umelegezwa bila kufunguliwa: mfungwa aliyerudi kilimani kwao kabla kifungo chake hakijaisha, kwa masharti. Tanzania mpango huo huitwa parole. Burundi husemwa ameachiwa kwa masharti. Nimefuata njia ya sheria hiyo tangu ilipoingia mpaka ilipo leo, na nimegundua kwamba historia yake ina milango miwili. Mmoja ni wa sheria, ambao mfungwa angeweza kuubisha mwenyewe kwa kuhesabu siku zake. Wa pili ni wa huruma ya mkuu, ambao hufunguka siku mkuu apendayo. Kwa miaka mingi Warundi wametoka kwa wingi kupitia mlango wa pili, na wa kwanza umeota kutu.

Tuanze kabla ya gereza. Chukua Buraza, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa tarafa ya mkoa wa Gitega. Kama kwingine katika nchi hiyo, watu hawakukaa vijijini. Kila familia ilikuwa na urugo wake, boma la miti na matete lililozungukwa na migomba, na kilima kizima kilijuana. Mtu akimwibia au akimjeruhi jirani, shauri lilipelekwa kwa bashingantahe, wanaume waliotawazwa kwa uadilifu wao na kukabidhiwa fimbo ya uamuzi. Walisikiliza, walishauriana kando, wakarudi na neno moja. Aliyekosa alilipa: mbuzi, ng'ombe, siku za kulima shamba la aliyemkosea. Kisha pombe ya ndizi ilinywewa na pande zote mbili mbele ya watu.

Sitaki kuipamba zamani. Chifu au mwami, yaani mfalme, aliweza kumpokonya mtu ng'ombe wote na ardhi, mwizi aliyeshikwa usiku aliweza kuuawa papo hapo, na aliyefukuzwa kilimani alikuwa kama aliyekufa. Ila jambo moja halikuwepo: kumtoa mtu kwao, kumweka ndani ya kuta miaka 8 au 15, kisha kumrudisha kama mgeni. Adhabu ilikuwa malipo, au kufukuzwa, au kifo. Aliyelipa alikuwa amemaliza. Hakukuwa na mtu wa nusunusu, huru kidogo na mfungwa kidogo.

Mwaka 1912 Wajerumani walihamisha makao yao ya Burundi kutoka Usumbura (Bujumbura ya leo) ufukweni wakayapeleka Gitega, katikati ya nchi, karibu na mwami. Miaka minne baadaye, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji waliwatoa. Mwaka 1925 sheria ya Ubelgiji iliiunganisha Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi, na Kongo katika utawala mmoja, na mwaka 1926 likajengwa gereza la Gitega, linalotumika hadi leo. Lilikusudiwa watu 400. Weka nambari hiyo akilini, tutairudia.

Pamoja na gereza ulikuja ufunguo wake, na ufunguo huo ulikuwa umesafiri mbali. Mwaka 1840 nahodha Alexander Maconochie alipewa kusimamia wafungwa katika kisiwa cha Norfolk, mashariki mwa Australia, mahali palipojulikana kwa mijeledi. Yeye alianza kuwapa wafungwa alama kwa kazi na mwenendo, na aliyefikisha alama zake alikaribia uhuru wake. Katika miaka ya 1850 Walter Crofton aliendeleza wazo hilo Ireland: mfungwa alitoka mapema na cheti mkononi, akiripoti kwa polisi, na akivunja masharti alirudishwa. Neno parole lenyewe ni la Kifaransa. Maana yake ni neno, yaani neno la heshima alilotoa askari aliyetekwa vitani kwamba hatatoroka akilegezewa kamba. Waswahili tungesema ahadi, na ahadi ni deni.

Ubelgiji iliingiza wazo hilo katika sheria yake tarehe 31 Mei 1888, chini ya waziri wa sheria Jules Le Jeune, miongoni mwa nchi za kwanza barani Ulaya. Mfungwa aliyetumikia theluthi moja ya kifungo aliweza kufikiriwa. Mfalme wakati huo alikuwa Leopold wa Pili, yule yule ambaye mawakala wake wa mpira waliwakata watu mikono Kongo. Nasema hivyo kwa sababu sheria zetu nyingi za magereza zina ukoo wa namna hiyo, na msomaji ana haki ya kuujua.

Tarehe 30 Januari 1940 Wabelgiji walitoa kanuni ya adhabu ya Kongo, na Mei mwaka huo huo amri ya serikali iliifanya itumike Ruanda-Urundi. Humo ndani mna vifungu vichache kuhusu kuachiwa kwa masharti ambavyo vinastahili kusomwa polepole, kwa kuwa ndivyo mbegu ya yote yaliyofuata Burundi, Rwanda na Kongo.

Kipimo kilikuwa robo. Mfungwa aliyetumikia robo ya kifungo chake, mradi amekaa ndani zaidi ya miezi 3, aliweza kuachiwa. Aliyefungwa maisha aliweza kufikiriwa baada ya miaka 5. Kwa macho ya haraka kipimo hicho ni cha ukarimu kuliko theluthi ya Ubelgiji yenyewe. Lakini tazama lile neno dogo: aliweza. Sheria haikusema ataachiwa. Uamuzi ulikuwa wa mtawala, baada ya kusikia maoni ya mwendesha mashtaka na ya msimamizi wa gereza.

Sasa tazama bei yake. Aliyeachiwa alipewa karatasi ya ruhusa iliyoandikwa masharti yake. Ruhusa iliweza kufutwa kwa sababu mbili: kuvunja sharti lolote lililoandikwa, au mwenendo mbaya. Mwenendo mbaya haukufafanuliwa. Ruhusa ikifutwa, mtu alirudi ndani kutumikia kipande chote kilichobaki siku alipotoka, na miezi aliyokaa nje akilima na kulea watoto haikuhesabiwa hata mmoja. Ili awe huru moja kwa moja alipaswa kumaliza bila doa muda ulio mara mbili ya kipande kile kilichobaki.

Tupige hesabu. Mkulima amehukumiwa miaka 8. Anatoka baada ya robo, miaka 2. Imebaki miaka 6, na mara mbili yake ni miaka 12. Kwa hiyo tangu siku alipoingia gerezani hadi siku atakapolala bila hofu ya kurudishwa ni miaka 14. Angetumikia kifungo chake chote angemaliza kwa miaka 8. Alinunua miaka 6 ya kulala nyumbani kwa kukaa miaka 12 chini ya kivuli, na katika miaka hiyo chifu mdogo aliyekosana naye kwa mpaka wa shamba, au karani wa kodi aliyemwona hamsalimu vizuri, alikuwa na neno la kumrudisha: mwenendo mbaya.

Kanuni hiyo hiyo ilikuwa na adhabu nyingine zilizofanana na kifungo bila kuta. Mtu aliweza kuamriwa akae mbali na mahali fulani, au akae mahali alipopangiwa tu, au awekwe chini ya uangalizi wa serikali. Kwa mtu wa mjini ni usumbufu. Kwa mtu wa Buraza, ambaye chakula chake, heshima yake na makaburi ya wazee wake viko kilima kimoja, kuambiwa usikanyage kilima hicho ni kuambiwa uishi hewani. Fimbo nayo iliendelea kuchapwa kwa amri ya sheria, na Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa liliwalalamikia Wabelgiji juu ya jambo hilo mara kwa mara.

Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962 ukiwa na damu mikononi. Mwana wa mfalme Louis Rwagasore alikuwa ameuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Aliyempiga risasi, Mgiriki Kageorgis, aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya bendera kupandishwa. Wengine waliohukumiwa katika kesi hiyo walikuwa wamepunguziwa adhabu wakabaki hai gerezani. Serikali mpya iliwahukumu tena, na tarehe 15 Januari 1963 watu watano walinyongwa hadharani hapo Gitega mbele ya umati. Hivyo somo la kwanza ambalo Warundi huru walipata kuhusu adhabu iliyopunguzwa ni kwamba inaweza kurudishwa.

La pili lilikuwa zito zaidi. Machi 1972 Charles Ndizeye, aliyekuwa mwami Ntare wa Tano kabla ya kupinduliwa mwaka 1966, alitua Uganda. Rais Michel Micombero alimwandikia Idi Amin kumhakikishia kwamba kijana huyo akirudi nyumbani ataishi kama raia wa kawaida na maisha yake yatalindwa. Hilo ndilo hasa neno la heshima, parole katika maana yake ya kale, ila safari hii aliyelitoa ni dola. Ndizeye alirudishwa, akawekwa kizuizini Gitega, na usiku wa tarehe 29 Aprili akauawa. Wiki zilizofuata Wahutu kwa maelfu na maelfu, walimu na wanafunzi na makarani wakiwa mbele, walikamatwa, na wengi hawakuonekana tena. Mwaka huo hakuna aliyekuwa akihesabu robo ya kifungo cha mtu yeyote.

Mimi naamini kwamba hapo ndipo ahadi ya serikali ilipopoteza thamani yake kwa kizazi kizima. Kuachiwa kwa masharti kunategemea maneno mawili, la mfungwa na la dola. Vitabu vya sheria vimejaa adhabu za mfungwa anayevunja lake. La dola halina kifungu.

Kanuni ya adhabu ya Burundi huru iliandikwa mwaka 1981. Ikaandikwa upya mwaka 2009, ikafuta adhabu ya kifo, na tena Desemba 2017. Katika zote kuachiwa kwa masharti kumebaki, amri ikiwa mikononi mwa waziri wa sheria, na robo imebaki kuwa kipimo ambacho wafungwa wenyewe hukihesabu vidoleni. Lakini mwaka 1993 rais Melchior Ndadaye aliuawa, vita vikaanza, na magereza yakajaa watuhumiwa wa mauaji ya majirani. Wengi wao hawakuwa na robo ya kuhesabu, kwa sababu hawakuwa na hukumu. Asiyehukumiwa hana kifungo, na asiye na kifungo hana sehemu yake.

Katika magereza hayo ya miaka ya 90 alikaa Pierre Claver Mbonimpa, aliyeshikiliwa tangu 1994 hadi 1996 kwa tuhuma ya kumiliki silaha. Alitoka, na mwaka 2001 akaanzisha Aprodh, shirika la kutetea haki za binadamu na za watu waliofungwa. Kazi yake, ukiiondolea maneno makubwa, ilikuwa ya karani mwenye moyo: kuingia gerezani na daftari, kuuliza huyu aliingia lini, amehukumiwa lini, faili lake liko wapi, mbona siku zake zimeisha na bado yumo. Mwaka 2014 alikamatwa tena, akaachiwa Septemba kwa sababu ya afya. Agosti 2015 alipigwa risasi akapona kwa bahati, akaenda uhamishoni. Mwaka 2016 serikali ililifuta shirika lake. Daftari likafungwa.

Kabla Aprodh haijaanzishwa alikuwa amepita mgeni mmoja. Juni 2000 Nelson Mandela, aliyeachiwa kazi ya usuluhishi wa vita vya Burundi na kifo cha Mwalimu Nyerere, aliingia gereza la Mpimba mjini Bujumbura na kuyalaumu waziwazi aliyoyaona. Nani angejua zaidi yake? Januari 1985 P. W. Botha alimpa uhuru kwa sharti la kukana mapambano ya silaha. Tarehe 10 Februari binti yake Zindzi alisoma jibu lake Soweto: hapana. Alikaa ndani miaka mingine 5 kuliko kutoka na kamba shingoni. Mkataba wa amani wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, uliweka suala la wafungwa wa kisiasa mezani.

Matunda yake yalichumwa mwaka 2006. Serikali ya Pierre Nkurunziza iliunda tume ya kuwatambua wafungwa hao, na Januari ikaanza kuwatoa. Kufikia Machi walikuwa wametoka zaidi ya 3,000. Waliachiwa kwa muda tu, wakisubiri Tume ya Ukweli na Maridhiano iseme nani alifanya nini. Familia za waliouawa mwaka 1993 ziliumia sana, na siwezi kuzilaumu: mtu anayeshukiwa kumuua baba yako anarudi kisimani kuteka maji na wewe, na hakuna aliyekuuliza. Waliotoka nao hawakujua wamesamehewa au wamesogezwa tu. Sheria ya kuunda tume hiyo ilitiwa saini Mei 2014. Kwa miaka 8 watu waliishi, walioa, walizika wazazi, wakiwa wameachiwa kwa muda.

Hapa ni vizuri kutenganisha maneno, maana watu huyachanganya na kuchanganya huko kumewagharimu wengi. Kuachiwa kwa muda humhusu mtuhumiwa: kesi inaendelea, anasubiri akiwa nje. Kuachiwa kwa masharti humhusu aliyehukumiwa: kifungo kinaendelea, anakitumikia akiwa nje. Msamaha wa rais huondoa kipande cha adhabu kilichobaki, ila hatia inabaki imeandikwa. Msamaha wa jumla hufuta kosa lenyewe, na huo hutungiwa sheria. Aliyeachiwa kwa muda akidhani amepata msamaha wa jumla anaweza kuuza shamba, akavuka mpaka kwenda kutafuta kazi, na siku akiitwa asionekane.

Turudi Gitega. Gereza lile la watu 400 lilikuwa na zaidi ya 1,500 mwishoni mwa Novemba 2021. Chakula cha gerezani Burundi kwa kawaida ni gramu 350 za unga wa muhogo na gramu 350 za maharage kwa mtu kwa siku. Mafuta na chumvi ni bahati ya siku, na kinachopungua huletwa na jamaa. Ndani, nidhamu iko chini ya kapita, mfungwa mwenzao aliyepewa madaraka. Mahali pa kulala ni mali, na asiye napo hulala kwa ubavu katikati ya wenzake. Alfajiri ya tarehe 7 Desemba, kiasi cha saa 10 usiku, moto ulizuka. Makamu wa rais Prosper Bazombanza alifika na kutangaza waliokufa: watu 38. Wengi wao waliungua, wengine walikosa hewa. Serikali ilisema chanzo ni hitilafu ya umeme.

Kila ninaposoma habari hiyo narudi kwenye ile nambari 400. Gereza hujaa kwa sababu watu wanaingia, na pia kwa sababu wanaopaswa kutoka hawatoki. Katika kundi la watu 1,500 yumkini walikuwamo waliokwisha kupita robo yao. Sheria ilikuwa imewaruhusu kufikiriwa.

Miezi 9 kabla ya moto huo mlango wa pili ulikuwa umefunguliwa kwa kishindo. Machi 2021 rais Évariste Ndayishimiye alisamehe wafungwa zaidi ya 5,000. Waliofikiriwa ni wenye vifungo visivyozidi miaka 5, wajawazito na wanaonyonyesha, wazee, wagonjwa mahututi, na waliofungwa kwa rushwa mradi wameirudishia serikali mali yake. Waliohukumiwa kwa mauaji ya kimbari, ubakaji au ujambazi wa silaha hawakuguswa. Mwishoni mwa 2024 alisamehe tena 5,442. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na wafungwa 13,211 katika magereza yaliyojengwa kwa watu zaidi kidogo ya 4,000. Ukitazama tarehe hizo mbili utaona kinachotokea: magereza yanapunguzwa, yanajaa, yanapunguzwa tena. Nashukuru kwa kila aliyetoka. Lakini huruma inayokuja kwa mafuriko haimfundishi mfungwa kitu kuhusu haki yake, na haimwambii mwenzake aliyebaki nyuma atoke lini.

Muyinga, kaskazini-mashariki, karibu na Tanzania, kuna gereza lililojengwa kwa watu 300. Humo alifungwa kwa muda Floriane Irangabiye, mtangazaji aliyekuwa akiishi Rwanda, aliyekamatwa Agosti 2022 alipokuja kutembelea kwao. Januari 2023 alihukumiwa miaka 10 kwa kuhatarisha usalama wa nchi, baadaye akahamishiwa Bubanza. Robo ya miaka 10 ni miaka 2 na nusu, na ingetimia mwishoni mwa Februari 2025. Msamaha wa rais ulimtoa Agosti 2024, miezi 6 kabla. Wengi walifurahi, nami pia. Ila ukisimama ukafikiri, utaona hata hapa hesabu ya sheria haikuhitajika. Mkuu alipoamua aliamua, na asingeamua hakuna kalenda ambayo ingemlazimu.

Jirani pacha wa sheria hii ni Rwanda, na huko ndiko masharti yanakoonekana wazi zaidi. Septemba 2018 zaidi ya wafungwa 2,000 waliachiwa. Mwanasiasa Victoire Ingabire na mwimbaji Kizito Mihigo walitoka kwa msamaha wa rais, wenye masharti: kuripoti kwa mwendesha mashtaka kila mwezi, na kutovuka mpaka bila ruhusa ya waziri wa sheria. Februari 2020 Mihigo alikamatwa karibu na mpaka wa Burundi, akituhumiwa kutaka kuingia huko kinyume cha sheria. Siku chache baadaye alifia katika mahabusu ya polisi. Polisi walisema alijiua, na watetezi wa haki za binadamu walidai uchunguzi huru. Ingabire aliomba mahakama imrudishie haki zake za kiraia ili agombee urais. Machi 2024 mahakama kuu ya Kigali ilikataa, na uchaguzi wa Julai ukapita bila yeye. Alikuwa nje ya gereza tangu 2018, na bado kifungo kilikuwa kikimchagulia afanye nini.

Kwa Mrundi asiye na jina magazetini mambo ni madogo kuliko hayo na yanauma vilevile. Mahakama ikiwa imemwondolea haki za kiraia, hapigi kura wala hagombei hata nafasi ya kilimani. Akiomba kazi ataagizwa cheti cha kumbukumbu za jinai, na hukumu yake imo. Kurudishiwa haki kupo katika sheria, lakini ni shauri la mahakama, lenye muda wa kungoja na karatasi za kukusanya, na mkulima wa Buraza atapanda basi mara ngapi kulifuata? Shamba lake huenda nduguze wamekwisha kuligawana. Kilimani hakuna afisa wa kumsaidia kuanza upya. Wapo majirani, na macho yao. Hapo ndipo nawakumbuka bashingantahe na pombe yao ya ndizi. Kitu walichokuwa nacho ambacho sheria ya 1940 haikuleta ni siku iliyojulikana na wote ambayo deni limeisha, na mtu anakunywa na aliowakosea.

Tanzania ina Sheria ya Bodi za Parole tangu 1994, ambayo angalau imeiweka kazi hii mikononi mwa bodi yenye vikao na vigezo, hata kama wanaonufaika ni wachache. Burundi ingeweza kufanya hivyo kesho bila kutunga neno jipya. Inatosha gereza libandike kila mwezi orodha ya waliotimiza robo, na waziri ajibu kila jina kwa maandishi, ndiyo au hapana na kwa nini.

Mpaka hapo, wewe mwenye ndugu Gitega, Muyinga au kokote, usingoje sikukuu wala hotuba. Tafuta nakala ya hukumu yake. Andika kwenye karatasi siku aliyokamatwa, miaka aliyopewa, na siku robo yake inapotimia. Ipeleke karatasi hiyo kwa mkuu wa gereza na nakala kwa mwendesha mashtaka, uombe wakugongee muhuri wa kupokea, na ile yenye muhuri uitunze nyumbani.